Mama Imepita na Reli ya Pili

Fundi huyu ukimpelekea kitambaa atakwambia uje kesho, na kesho ya mafundi cherehani kila mtu anaijua. Ukienda atakwambia vimebaki vifungo tu, kumbe kitambaa bado kiko kwenye mfuko uliokuja nao, hakijaonja mkasi. Hata hivyo watu hawamwachi. Akishakaa akashona, mshono wake haufumuki, na maneno yake hayamruhusu mteja aondoke amenuna. Mtaa mzima unamwita Mama Imepita. Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua ndugu zake, na siku hizi hata wao wamelisusa.

Jina la mtaani alilipata pale pale kazini, ila si kwa kushona. Kibanda chake cha mabati kiko juu ya tuta, mahali reli inapopinda. Chini yake kuna njia ya miguu inayotoka kati ya nyumba, inapita ubavuni mwa ghala la mbao, inaikata reli na kwenda upande wa pili kwenye soko, shule na hospitali. Geti hakuna, taa hakuna. Kuna kibao kimoja kilichopauka ambacho watoto wamekigeuza shabaha ya mawe. Anayekuja kwa miguu anazibwa na ukuta wa ghala, treni haioni mpaka imfikie puani. Lakini Mama Imepita, kutoka kule juu, anaiona tangu mbali, kulia na kushoto, na kabla hajaiona, kopo lake la pini limeshamwambia. Likianza kutetemeka mezani anaondoa mguu kwenye kanyagio, anageuza shingo, anapaza sauti: "Bado!" Watu chini wanasimama. Mabehewa yakiisha anawaambia, "Imepita!" Nao wanavuka.

Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alianza kwa kumwonea huruma bibi mmoja mwenye masikio mazito, akaendelea kwa mazoea, mwisho mtaa ukamtegemea kana kwamba amekula kiapo. Akienda msibani siku moja, akirudi anakuta malalamiko: ulituacha tumesimama pale kama nguzo. Yeye hucheka, akauliza siku akifa watahamia wapi. Sauti anayo. Marehemu mumewe alikuwa akisema nyumba yao haihitaji redio. Watoto wa shule wakimwigiza hubinua midomo na kusema "pitaaa", maana kelele za mabehewa humeza mwanzo wa neno na ule mkia ndio unaofika chini. Naye huwatishia mkasi, wakakimbia wakicheka.

Kisha ikaja reli ya pili. Mashine zikachimba, kokoto zikamwagwa, mataruma yakalazwa sambamba na yale ya zamani, na watu wakafurahi, kwa sababu treni mpya ya abiria ilikuwa safi, ina kasi, na haina ile ngurumo ya kuamsha watoto waliolala. Mama Imepita hakufurahi. Treni ile ilikuwa inateleza. Hata kopo la pini lilichelewa kuisikia. Mara ya kwanza ilipokatiza chini ya kibanda alikuwa anatunga uzi, akashtuka akajidunga kidole, akasema kitu kikubwa hivyo kisichobisha hodi hakina adabu. Watu wakamcheka. Akaendelea na kazi yake ile ile. Ya mizigo ikija, bado, ikiisha, imepita. Ya abiria ikija, bado, ikiisha, imepita. Treni mbili hazikuwahi kukutana pale, na taratibu akaacha kuliwazia jambo hilo.

Ana binti mmoja tu, na binti ana mtoto mmoja, bado ananyonya. Mume wa binti yuko mbali kikazi, kwa hiyo wanaishi watatu katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kibanda. Binti ni dobi wa hospitali, anafua mashuka, na mikono yake inanukia sabuni hata siku ya mapumziko. Kila asubuhi humfunga mtoto mgongoni kwa kanga, humuaga mama yake, huteremka, husimama chini ya tuta akisubiri neno, kisha huvuka.

Wiki ile walikuwa wakigombana juu ya ndala. Ndala za binti zilikuwa zimekwisha kabisa. Kamba ya mguu wa kushoto ilikuwa ikichomoka kila baada ya hatua chache, naye anainama, anaisukuma kwa kidole gumba, anaendelea na safari. Mama alimwambia azitupe, zinamwaibisha, mtoto wa fundi anatembea kama ameokotwa jalalani. Binti akamjibu kwamba fundi mwenyewe anamshonea gauni tangu mwaka juzi na hadi leo vimebaki vifungo. Walicheka wote wawili mpaka mtoto naye akaanza kucheka asichokijua.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na mawingu. Treni ya mizigo ilikuja ndefu kuliko kawaida, imebeba makontena, inakokota, na watu chini walikuwa wameanza kusonya na kutazama simu zao. Mama Imepita alikwisha kuwaambia bado. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, futi ya kupimia shingoni, akiungoja mkia wa treni. Binti yake alikuwa wa mbele kabisa, na mama alijua sababu: mkubwa wake kazini alikwisha kumwonya kuhusu kuchelewa. Kutoka pale juu alikiona kichwa cha mjukuu wake kimelala upande mgongoni mwa mamaye, na ile kofia ya sufu aliyomfumia mwenyewe.

Akainua macho. Juu ya migongo ya makontena, kwenye reli ya pili, treni ya abiria ilikuwa imetokea konani, taa zinawaka, inakuja kutoka upande wa pili. Waliokuwa chini hawakuweza kuiona. Makontena yaliwaziba. Na behewa la mwisho la treni ya mizigo lilikuwa karibu kuwafikia.

Alijua papo hapo kinachokuja: mkia utapita, watu wataingia relini kama siku zote, na kile kinachoteleza kitawakuta katikati. Akakusanya pumzi zote alizokuwa nazo akapiga kelele.

"Haijapita! Ya pili haijapita! Haijapita!"

Binti yake akainua uso, akamtazama, akamwitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Kisha behewa la mwisho likapita mbele yake, naye akaingia relini.

Mama hakuamini. Alipiga kelele tena, haijapita, haijapita, na kila alivyopiga ndivyo mwanawe alivyoongeza mwendo. Honi ya treni ya abiria ikalia, ndefu, ya kupasua masikio, na binti hata hakugeuza shingo. Mama akaanza kuteremka tuta mbio, akateleza kwenye kokoto, akaanguka magotini. Na pale magotini alifumba macho. Yeye aliyekuwa macho ya mtaa mzima, alifumba ya kwake, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuona kitakachofuata. Alisikia upepo. Alisikia vyuma vikilia. Alisikia mtu nyuma yake akisema Mungu wangu, Mungu wangu, na hakujua kama ni mtu mwingine au ni mdomo wake mwenyewe.

Alipofumbua, treni ya abiria ilikuwa bado inamalizikia huku breki zikipiga ukelele, na kati ya reli na reli, juu ya kokoto, binti yake alikuwa amechuchumaa, ndala mkononi. Kamba ilikuwa imechomoka. Aliinama kuirudisha kama anavyofanya siku zote, na treni ikapita mbele ya paji la uso wake. Upepo ulikuwa umeilegeza kanga, mtoto ameteleza mpaka kiunoni, analia. Kilio kile ndicho kilichomwinua Mama Imepita kutoka chini.

Aliwafikia, akawavuta mpaka ukutani mwa ghala, akampapasa mtoto kichwa, mikono, miguu, akarudia tena kuanzia kichwani. Alitaka kumchapa binti yake, alitaka kumkumbatia, akafanya yote mawili: kofi la bega, kisha akamshika asimwachie. Akamuuliza kama ana wazimu, kama amekuwa kiziwi, kwa nini anaingia relini huku anapigiwa kelele na mama yake mzazi. Binti akaikaza kanga. Akamtazama mama yake kwa mshangao wa kweli.

"Mama, si wewe uliyeniambia nipite?"

"Mimi?"

"Nilikusikia kabisa. Pita, pita, pita. Nikajua leo unanihimiza nisichelewe."

Mama Imepita alikaa chini. Watoto wa shule walikuwa wakimwigiza miaka yote hiyo na yeye akicheka nao. Pitaaa. Imepita ikimezwa na mabehewa inabaki pita, na haijapita ikimezwa na mabehewa hayo hayo inabaki pita ile ile. Alikuwa amepiga kelele kwa roho yake yote kumzuia mwanawe, na kila alipopiga alikuwa anamsukuma. Na wale wengine waliokuwa nyuma ya binti nao walikuwa wameshaanza kusogea. Ndala mbovu ndiyo iliyowaokoa mwanawe na mjukuu wake, si sauti yake.

Kuanzia siku hiyo aliogopa. Simaanishi kuogopa kwa mtu aliyeshtuka halafu akapoa. Aliogopa asubuhi kabla ya kunawa uso, aliogopa akitia uzi kwenye sindano, aliogopa akila. Aliigeuza cherehani ikatazama ukuta. Chini ya kopo la pini aliweka vitambaa vilivyokunjwa ili lisitetemeke, na hapo akagundua kwamba kopo lililonyamaza linatisha kuliko linalotetemeka, akavitoa. Treni ikija anauma futi ya kupimia kwa meno mpaka iishe. Futi yenyewe sasa ina alama za meno, ukipimwa kiuno nayo utaziona.

Watu chini walisimama wakisubiri neno. Mmoja aliuliza kwa sauti vipi mama, kulikoni. Mwingine akasema amegoma, mwache. Wengine walivuka kwa kubahatisha, mbio mbio, wakiinamisha vichwa kama wanaokimbia mvua. Yeye kule juu alisikia kila mguu uliokanyaga kokoto, na hakufungua mdomo. Alikuwa na hakika kwamba akiufungua ataua mtu.

Binti alizungukia daraja kwa siku chache. Daraja liko mbali, mwendo wa kuchosha ukiwa na mtoto mgongoni, na akifika kazini mashuka ya wenzake yamekwisha kuanikwa. Mkubwa wake akamwonya mara ya mwisho. Jioni alimwambia mama yake kwamba kesho anarudi njia ya chini. Mama akamsihi. Binti akauliza, na alikuwa anajaribu kutania, kama akifukuzwa kazi watakuwa wanakula uzi. Mama hakucheka. Alimwambia amwachie mtoto basi, na binti akamjibu kwamba mtoto ananyonya, kule kazini kuna chumba cha wanaonyonyesha, hapa nyumbani atanyonya nini, kopo la pini? Mama aliwaza kwamba asubuhi ile ingekuwa nyingine kidogo tu, leo hii asingekuwa na mtu wa kugombana naye.

Siku mbili tatu baadaye, mchana, mwanamume mmoja mwenye shati la kazi la reli alisimama mlangoni mwa kibanda na kubisha hodi. Mama Imepita, kwa mazoea ya kumpokea mgeni, akasema karibu baba, pita, na neno likamkwama kooni kama mfupa. Akalimeza. "Ingia," akasema. "Karibu, ingia."

Mgeni aliingia akakaa kwenye kigoda cha wateja, kofia magotini. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaendesha treni ya abiria siku ile. Hakuja na lawama.

"Niliona kanga ya rangi ya chungwa ikishuka chini ya kioo changu," alisema. "Baada ya hapo sikuona kitu. Wenzangu wameniambia hakuna aliyeguswa. Nimekuja nione kwa macho yangu."

Siku hiyo binti alikuwa mapumziko. Mama alimwita, akatoka ndani na mtoto aliyelala begani. Dereva alisimama. Aliomba radhi kwanza, kisha akapeleka kiganja karibu na pua ya mtoto, akakiacha pale mpaka akaridhika kwamba anapumua. Ndipo akakaa tena, akafuta uso kwa mkono wa shati.

Alisema mengi baada ya hapo, kwa sauti ya chini. Alisema akishamwona mtu relini hana analoweza isipokuwa honi na breki, na breki akiishika hapa, treni inakuja kusimama kule mbele, maghala yote yameshabaki nyuma. Usukani hana. Alisema alipiga honi mpaka mkono ukafa ganzi, na hakuelewa kwa nini yule mwenye kanga hageuki. Binti akamwambia alidhani honi ni ya ile treni ya mizigo iliyokuwa inaondoka. Dereva akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa hajawahi kulifikiria hilo, kwamba honi yake inaweza kuhesabiwa kuwa ni ya mwenzake.

"Basi tulikuwa wawili, mama," alimwambia fundi. "Wewe huku, mimi kule, wote tunamwambia asije. Naye akasikia njoo."

Mama Imepita alilia mbele ya mgeni, jambo ambalo tangu mumewe azikwe halikuwahi kutokea. Dereva hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba kule kazini ameshaeleza yaliyotokea, na kwamba akija mtu wa kuuliza, asinyamaze.

Mtu alikuja kweli. Alikuwa mhandisi wa reli, mwanamke wa rika la binti yake, kofia ngumu kichwani na viatu vizito miguuni. Hakupanda kibandani moja kwa moja. Alisimama chini, kwenye ukuta wa ghala, asubuhi nzima, akiwatazama watu wanavyovuka. Mama Imepita alimchungulia na kusema kimoyomoyo haya, wamekuja kututazama kama sinema. Baadaye mhandisi akapanda, akaamkia, akaombwa aingie, akakaa kwenye kile kile kigoda.

Alisema kuna jambo ameliona na angependa mama asilichukulie vibaya. "Nilikuwa nawatazama watu macho," alisema. "Wakifika pale hawaangalii kulia wala kushoto. Wanaangalia hapa juu, kwako. Hata sasa ambapo husemi kitu, bado wanakuangalia wewe."

Mama aliwaka. Alimwambia kwamba yeye alikuwa anasaidia watu hao wakati wenye reli yao hawakuweka hata filimbi, na kwamba kibao chao chenyewe kimekuwa chujio. Mhandisi akakubali, akasema ni kweli, wamechelewa, na kuchelewa kwao nusura kuue. Akasema hivyo bila kukwepa. Hasira ya mama ikakosa pa kushika, ikaisha, na ilipoisha woga ukarudi, safari hii mkubwa zaidi. Alikumbuka nyuso zile zote zilizoinuliwa kwake miaka yote hiyo, kama vifaranga. Alidhani anawapa macho yake. Kumbe alikuwa anawanyang'anya ya kwao.

Kazi ikaanza. Kona ya ukuta wa ghala ilibomolewa ili anayekuja aone. Vyuma vya kupindapinda vikasimikwa pande zote mbili, kiasi kwamba huwezi kuingia relini moja kwa moja. Lazima ugeukie upande huu, utembee kidogo uso ukiitazama reli ilivyonyooka, kisha ugeukie upande wa pili vivyo hivyo, ndipo uvuke. Wasukuma mikokoteni walinung'unika kwamba wamefanywa mbuzi wa zizini. Kengele ya umeme itakayolia mpaka treni zote mbili ziwe zimepita iliahidiwa, ila ingechukua muda. Mhandisi akamuuliza mama kama, mpaka kengele ije, anaweza kuwasaidia tena kwa sauti. Mama alisema hawezi. Mhandisi hakumlazimisha.

Lakini jioni hiyo walikaa yeye na binti yake wakichambua mchele, na binti akaanza kutafuta maneno. Akasema, msivuke? Mama akalipima kichwani, akalipitisha chini ya mabehewa: linabaki vuke. Hapana. Msiende? Linabaki ende. Mungu apishe mbali. Binti akapepeta, kisha akasema, simama. Mama akalirudia polepole. Likimezwa mwanzo linabaki mama.

"Mtu akisikia mama, hukimbia?" aliuliza binti.

"Hugeuka," alisema mama yake. "Husimama akageuka."

Basi likawa hilo. Na la kuvuka je? Mama akasema la kuvuka hakuna. Mdomo wake utasema simama peke yake, na kuvuka kila mtu ajiamulie kwa macho yake. Hataki tena kumwambia kiumbe chochote aende.

Asubuhi iliyofuata aliigeuza cherehani ikatazama reli kama zamani. Zile ndala mbovu alikuwa amezitundika kwenye msumari juu ya mlango na kukataza mtu asiziguse. Binti alivaa viatu vya kufunga. Kopo likatetemeka, treni ya mizigo ikaja, mama akasema simama, watu wakasimama. Mkia ukapita. Watu walibaki pale pale, nyuso zimeinuliwa juu, wanasubiri. Mmoja akauliza, "Mama, imepita?" Mama aliuma futi.

Binti akatoka kwenye kundi. Akaingia kwenye vyuma, akageukia upande huu, akatazama. Akageukia upande wa pili, akatazama, akasubiri kidogo, akavuka reli ya kwanza, akavuka ya pili. Mtoto mgongoni alikuwa macho. Mama kule juu alimsindikiza kwa macho hatua zote. Alipofika ng'ambo, binti akageuka, na kwa sababu alimjua mama yake, alijua yuko katika hali gani. Akaweka viganja mdomoni amtoe wasiwasi.

"Mama, nimepita!"

Na kundi zima likaondoka. Mabehewa yaliyokuwa yanaondoka yalimeza mwanzo wa neno, likasikia pita. Likajisukuma kwenye vyuma, wa nyuma wakiwakanyaga wa mbele, vichwa chini, mikokoteni na watoto wa shule na vikapu. Mezani kwa fundi kopo la pini lilikuwa limeanza kutetemeka tena, kidogo tu, ule mtetemo mwembamba wa treni inayoteleza.

"Simama!" Sauti ilimtoka kabla hajajua kwamba anayo. "Simama! Simama!"

Sijui ni neno lipi lililowafikia, zima au nusu. Wa mbele alikwisha kuweka mguu mmoja kwenye kokoto. Aliurudisha. Walisimama wamebanana ndani ya vyuma, na treni ya abiria ikatokea konani ikakatiza mbele yao, honi inalia, nguo zao zinapepea. Ikaisha. Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyetazama juu kwenye kibanda. Mama Imepita akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu aanze kukaa pale: vichwa vile vyote vikigeuka, kulia, kushoto, kulia tena, kila mtu na kichwa chake.

Ng'ambo ya reli binti alikuwa amesimama, mkono umeziba mdomo wake mwenyewe.

Kengele imekwisha kuwekwa, na inalia vizuri. Mama Imepita bado yupo na jina lake ni lile lile, ingawa neno lenyewe halitamki. Mgeni akibisha hodi kwake haambiwi pita, anaambiwa ingia. Binti akifika upande wa pili kila asubuhi hasemi kitu. Anainua mkono juu, na mama yake anainua wake. Mpaka mkono ule uonekane, cherehani haikanyagwi, hata kama wewe umekaa pale kwenye kigoda unasubiri vifungo vyako.